Gurudumu la Sketibodi na Ardhi Linayoikanyaga

Katika likizo ya Agosti mwaka uliopita, mpwa wangu, kijana wa miaka 15 ambaye mamaye alikuwa amekwisha kuchoshwa na maombi yake ya miezi isiyopungua minane, alinijia nyumbani Mombasa amekumbatia sketibodi mpya, na usoni mwake, badala ya ile bashasha ambayo mtu hutaraji kuiona kwa aliyekipata alichokitamani, palikuwa na ghadhabu ya mnunuzi aliyeghilibiwa. Alinipa shikamoo, akaketi barazani, akauweka ubao miguuni pangu kama mtu amrudishiaye mchuuzi samaki aliyechina.

"Mjomba," alisema, "chombo hiki kibovu. Hakiendi."

Nilimwuliza amekijaribu wapi. Akaniambia kwamba alikijaribu kwenye kabro za mtaani kwao, yale matofali ya saruji ya kutandikia njia, kisha kwenye barabara ya lami iliyo nyuma ya soko, na kwamba pote pawili kilimtetemesha meno, kikapiga kelele kama debe tupu lililofungwa nyuma ya baiskeli, kikasimama ghafla penye kila kokoto, na mara mbili kikamrusha mbele kifudifudi. Ushahidi wa mara hizo mbili ulikuwa dhahiri viganjani mwake. Niliupindua ubao. Ubavuni mwa kila gurudumu palikuwa pamechapwa, kwa wino mwekundu, alama mbili ambazo muuzaji hakumfafanulia wala yeye hakuona haja ya kuziuliza: 51mm na 101A.

"Muuzaji alisema haya ni ya mtaani," aliongeza kijana, kwa sauti ya mtu anayetaja kosa la mwingine.

Muuzaji hakusema uongo, ila hakueleza ni mtaa gani. Chombo nacho hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilikuwa kimetengenezwa kwa ardhi ambayo kijana yule hakuwa nayo.

Mimi si mpandaji wa sketibodi, na kwa umri huu nilio nao sitaraji kuwa. Walakini nimeshinda miaka 27 ya maisha yangu katika ufundi wa mitambo, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kubadilisha beringi zilizokufa, bushi zilizolika na raba zilizopasuka, na kwa hivyo nilipokitazama chombo kile nilikuta kwamba karibu kila kiungo chake ni jamaa wa kitu ninachokijua. Kilichokuwa kigeni kwangu nilikisoma na kukiuliza, na ndicho ninachokiandika hapa kwa manufaa ya wazazi wanaosumbuliwa kama alivyosumbuliwa dada yangu. Neno lenyewe, sketibodi, ni refu kidogo mdomoni, lakini silifupishi, kwa kuwa kulikata nusu ni kumpa kijana sketi, vazi ambalo hatakubali kulivaa wala kulipanda.

Ubao wa kawaida huwa ni tabaka saba za mti wa mepo zilizogandishwa kwa gundi na kushindiliwa katika kalibu, na juu yake hubandikwa karatasi ya msasa ili viatu visiteleze. Chini hufungwa vyuma viwili vya kugeuzia, ambavyo wapandaji huviita traki. Kila traki ina ekseli moja, na kila ncha ya ekseli ina gurudumu moja lenye beringi mbili tumboni mwake. Aghalabu mnunuzi hupumbazwa na mchoro uliopakwa chini ya ubao, fuvu au joka au jina lililoandikwa kwa madaha, mchoro ambao utafutika kwa kusuguliwa kwenye kingo za saruji kabla ya miezi mingi kupita, ilhali gurudumu, ambalo ndilo kiungo cha pekee kinachoigusa dunia, humwachia muuzaji amchagulie.

Na historia ya mchezo huu ukiichunguza utaona kwamba ni historia ya gurudumu kuliko ilivyo ya ubao. Ulizaliwa Marekani, katika jimbo la California, kwenye miaka ya 1950, mikononi mwa vijana wapandao mawimbi ambao, bahari ilipokosa mawimbi, walitaka kuteleza nchi kavu kama walivyoteleza majini. Walichukua viatu vya magurudumu, wakavivunja, wakavipigilia nusu nusu chini ya vipande vya mbao. Magurudumu hayo ya kwanza yalikuwa ya chuma, yenye kelele na utelezi. Yakafuatwa na yale yaliyoitwa ya udongo, ambayo hayakuwa udongo wa mfinyanzi bali mchanganyiko mkavu ulioshindiliwa, yenye upole kiasi kuliko chuma, lakini yasiyoweza kuishika njia penye kona na yaliyokuwa yakimomonyoka kwa upesi. Kokoto ndogo kama punje ya choroko ilitosha kulisimamisha gurudumu la aina hiyo huku mpandaji akiendelea na safari peke yake hewani. Kufikia mwaka 1965 miji kadhaa ya Marekani ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku mchezo huo, na wengi waliamini kwamba umekufa.

Aliyeufufua ni kijana mmoja aitwaye Frank Nasworthy, ambaye mwaka 1970 alizuru kiwanda kidogo cha plastiki katika mji wa Purcellville, jimbo la Virginia, akakuta mapipa ya magurudumu yaliyotengenezwa kwa poliurethani, plastiki yenye tabia ya raba lakini yenye kustahimili msuguano kuliko raba. Magurudumu hayo yalikusudiwa viatu vya kukodisha katika kumbi za kutelezea, yapate kuwasaidia wanaojifunza kwa kuishika sakafu vyema. Na wajuzi wa kumbi hizo hawakuyataka, kwani juu ya sakafu ya mbao iliyong'arishwa yalikuwa mazito na yenye kuchelewa. Nasworthy aliyafunga kwenye ubao wake, akayapeleka barabarani, na hapo lile lililokuwa aibu ukumbini likageuka kuwa neema: gurudumu lilizikanyaga kokoto likazipita, likashika njia penye kona, likanyamaza. Baadaye alihamia Encinitas, California, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuyauza kwa jina la Cadillac Wheels. Mwaka 1975 yakaja magurudumu ya Road Rider yaliyotumia beringi zilizofungwa tayari badala ya gololi za kupangwa moja moja kwa mkono, na ukame ulioikumba California mwaka 1976 na 1977 ulipoyakausha mabwawa mengi ya kuogelea katika nyua za matajiri, vijana waliokuwa na magurudumu hayo waliingia mabwawani wakapanda kuta zake kama mjusi apandavyo ukuta.

Nimeirefusha hadithi ya Nasworthy kwa sababu ndani yake mna jambo zima ninalotaka kulisema. Gurudumu lililodharauliwa ukumbini na lililotukuzwa barabarani lilikuwa gurudumu lilelile. Kilichobadilika ni kilichokuwa chini yake. Kwa hiyo mtu akija kuniuliza gurudumu lipi ni bora, sina la kumjibu mpaka aniambie analipeleka wapi, na ni lazima anijibu kwa kutaja barabara na uwanja anaoufikia kwa miguu yake, si ule alioutazama katika simu.

Tuanze na ukubwa, ambao ndio namba ya kwanza iliyochapwa ubavuni. Kipenyo cha gurudumu hupimwa kwa milimita, na yauzwayo kwa wingi huanzia takriban 49 hadi 60, na yale ya mbao ndefu za safari na za mteremko hufika 70 na kupita. Gurudumu dogo ni jepesi, huukurubisha ubao na ardhi, na huanza mwendo kwa upesi. Kwa sababu hiyo hupendwa na wale ambao mchezo wao ni kuurusha ubao hewani, kuuzungusha chini ya nyayo na kuudaka tena. Gurudumu kubwa ni zito kuanza, lakini likishika mwendo huuhifadhi. Tofauti hii si ya kufikirika tu. Gurudumu la milimita 52 humaliza kilomita moja kwa mizunguko ipatayo 6,100, ilhali la milimita 60 huimaliza kwa mizunguko ipatayo 5,300. Na mbele ya kijiwe chenye kimo cha milimita 5, lile dogo hukutana nacho juu zaidi mwilini mwake, kwa pembe ya kujikwaa, na lile kubwa hukutana nacho chini zaidi, kwa pembe ya kupanda. Kila aliyesukuma rukwama ya gurudumu dogo na kisha akasukuma mkokoteni katika njia ya mashimo analijua jambo hili kwa mabega yake.

Palikuwa na wakati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo wapandaji wa Marekani, kwa kupenda ile michezo ya kuuzungusha ubao, walipunguza magurudumu yao mpaka yakawa ya milimita 40 hivi, madogo kama vibao vya kushonea nyavu, na wakavaa suruali zilizoweza kuwaingiza wawili kwa pamoja. Magurudumu yale hayakuweza kuvuka ufa wa njia ya miguu. Naamini ni mfano mzuri wa namna mtindo unavyoweza kumshinda mtu mwenye akili timamu, na haukudumu.

Namba ya pili, ile yenye herufi A, ni ya ugumu, na hapa ndipo palipo na utajiri wa somo na ndipo wengi wanapopotea. Kipimo chake kinatokana na Albert Shore, mhandisi aliyebuni katika miaka ya 1920 chombo kiitwacho durometa, ambacho hukandamiza ncha ndogo ya chuma juu ya raba au plastiki kwa nguvu ya springi na kupima imezama kiasi gani. Isipozama kabisa, husoma 100. Nimekitumia mwenyewe kupima raba za mitambo. Gurudumu la 78A ukilibonyeza kwa ukucha utaona alama ikifanyika na kupotea. La 101A ukucha wako ndio utakaoumia. Msomaji mwangalifu ataniuliza inawezekanaje kusoma 101 katika kipimo ambacho ukomo wake ni 100, na nitamjibu kwamba swali lake ni zuri kuliko majibu ya wauzaji wengi: namba zilizo karibu na ukomo na zinazoupita ni za kukisia zaidi kuliko za kupima, na ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji hutumia kipimo cha B kwa magurudumu yao magumu, ambacho husoma pungufu kwa 20 hivi, hata 84B ikawa sawa na 104A. Kwa hiyo mtu akikuta 84B asidhani ameuziwa laini.

Dhana iliyoenea ni kwamba gurudumu gumu ndilo lenye kasi na laini ndilo la pole. Ni kweli nusu. Juu ya saruji iliyolainishwa, gurudumu laini hubonyea kila mahali linapogusa, na kubonyea huko ni nguvu inayopotea. Gumu halibonyei, nalo hupita kama sahani juu ya kioo. Lakini iweke ardhi ya kukwaruza chini yake, lami ya zamani ambayo kokoto zake zimebaki wazi, au kabro ambazo viungo vyake vimefunguka, na hesabu hugeuka. Gurudumu gumu, kwa kuwa haliwezi kubonyea, hulazimika kuinuka juu ya kila punje, likainua pamoja nalo traki, ubao na mwili mzima wa mpandaji, kisha likashuka, likainuka tena, mamia ya mara katika kila dakika. Na nguvu inayotumika kuuinua na kuushusha mwili inatoka katika mwendo uleule uliokuwa uende mbele. Laini huimeza punje ndani ya nyama yake na kuuacha mwili umetulia. Huko kutetemeka kwa meno alikokuja nako mpwa wangu kulikuwa ni mwendo wake uliokuwa ukipotea njiani kwa sauti.

Wakazi wa Goma na vitongoji vyake hawakuhitaji durometa kulifahamu jambo hili. Chukudu yao, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo hubeba makaa, viazi na mbao juu ya barabara zilizojaa mawe ya volkeno, ina magurudumu ya mbao ngumu, na mafundi wake huyavisha raba iliyokatwa kwenye matairi yaliyochakaa; kazi ya raba hiyo juu ya jiwe la volkeno ndiyo ileile ifanywayo na poliurethani laini juu ya lami mbovu.

Ugumu una kazi ya pili, nayo ni kuteleza kwa makusudi. Mpandaji hodari hupenda, akiwa katika mwendo, kuugeuza ubao ukae mshazari na kuyaburuza magurudumu yote manne kando, ama kwa kupunguza mwendo ama kwa madaha tu. La 99A au 101A juu ya saruji huachia na kuburuzika bila inda. La 78A hung'ang'ania ardhi, na mwanafunzi asiyelijua hilo hutupwa. Basi kati ya 78A na 101A pana uwanda mpana wa suluhu, na magurudumu ya 85A hadi 95A, ambayo mashabiki wakali huyadharau kwa kuwa si laini wala si magumu, ndiyo ningempa mtu mwenye seti moja na ardhi za kila namna. Uzito wa mpandaji nao uhesabiwe: mtu wa kilo 85 hulibonyeza gurudumu laini kuliko mtoto wa kilo 40, kwa hivyo mzito anaweza kupanda juu kidogo katika kipimo bila kupoteza raha.

Umbo nalitaja kwa kifupi. Ule upana wa gurudumu unaogusa ardhi ukiwa mwembamba na kingo zake zikiwa za mviringo, gurudumu huteleza kwa urahisi na huingia na kutoka kwenye kingo bila kukwama. Upana ukiongezeka na kingo zikawa kali, hushika zaidi, na kwa hiyo magurudumu ya safari na ya mteremko huwa manene. Yale makubwa na laini hutiwa kiini kigumu katikati, kwa sababu beringi ikikaa ndani ya plastiki laini tupu huyumba kwenye makazi yake.

Sasa turudi kwa neno lililompoteza mpwa wangu. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, kwa mashindano ya namna mbili, ya mtaani na ya bustani, na dhahabu ya wanawake katika ya mtaani ilitwaliwa na Momiji Nishiya wa Japani, mtoto wa miaka 13. Lakini "mtaa" ule wa Tokyo ulikuwa ngazi, reli na kingo zilizojengwa mahususi juu ya sakafu isiyo na ufa wala kokoto; ni mtaa kwa jina tu. Magurudumu yaitwayo ya mtaani, ya milimita 50 hadi 54 na ugumu wa 99A au zaidi, yamebuniwa kwa mtaa wa aina hiyo, au kwa nyua za shule na benki za California ambazo saruji yake hulingana na hiyo. Ya bustani na mabakuli, yaani yale madimbwi ya saruji yaliyorithi umbo la mabwawa yaliyokauka, huwa magumu vilevile lakini makubwa zaidi, aghalabu milimita 54 hadi 58, kwa sababu mpandaji anahitaji mwendo wa kumpandisha ukuta na kumrudisha. Mwenye nia ya kwenda tu, kutoka nyumbani hadi dukani au shuleni, huyo atafute milimita 56 hadi 65 na ugumu wa 78A hadi 85A, na asimsikilize yeyote amwambiaye kwamba hayo ni ya wanaoanza.

Afrika ya Mashariki ina viwanja vyake. Kitintale, katika jiji la Kampala, vijana walijenga uwanja wa saruji mwaka 2006, wa kwanza wa namna yake katika eneo letu, na mjini Nairobi kituo cha watoto cha Shangilia kilipata wake mwaka 2013. Mtoto wa Kitintale anayeshinda ndani ya uwanja anaweza kufunga magurudumu magumu kama mwenzake wa Los Angeles na asijute. Taabu yake huanza anapotoka langoni kuelekea nyumbani, kwani hatua chache tu baada ya saruji laini ndipo ilipo ile ardhi yetu tunayoijua, na ama ataubeba ubao kwapani ama atatetemeka. Hali hii ya kuwa na kisiwa cha saruji ndani ya bahari ya changarawe ndiyo inayofanya ushauri uliochapwa kwa wasomaji wa ng'ambo usitufae mzima mzima.

Gurudumu halikai peke yake, na ukilibadilisha ni lazima uviangalie viungo vinavyolibeba. Traki inapaswa kulingana na ubao kwa upana, hata ncha za ekseli zisizidi wala zisipungukie kingo za ubao kwa zaidi ya kama milimita 6. Ubao wa inchi 8 hutaka ekseli ya inchi 8 au karibu na hapo. Watengenezaji wengine huzitaja traki kwa namba zisizofanana na inchi yoyote, na mnunuzi hana haja ya kuzikariri maadamu anajua kupima ekseli kwa rula. Ndani ya traki, kuzunguka bolti kuu, mna bushi mbili za plastiki, na hizo ndizo ziamuazo ubao ugeuke kwa wepesi au kwa uzito pale mpandaji anapoinamia upande. Mwepesi wa mwili afunge laini, mzito afunge ngumu. Nimeona vijana wakikaza nati ya bolti ile kwa spana ya inchi 9/16 mpaka bushi inatokeza pande zote kama mkate uliokandamizwa, ili ubao usiyumbe. Wanajinyima kona, na wanaiua bushi ambayo ingebadilishwa kwa nyingine ngumu zaidi kwa bei ndogo.

Hatari moja huwapata wale wanaosikia sifa za gurudumu kubwa na kulifunga palepale mahali pa dogo: mpandaji anapoinama kwenye kona, gurudumu huligusa tumbo la ubao, hushikwa, na ubao husimama papo hapo. Wapandaji wanaogopa jambo hili kuliko kokoto, nao wana haki. Dawa yake ni kipande cha plastiki au raba, chenye unene wa milimita 3 au zaidi, kinachowekwa kati ya traki na ubao ili kuuinua. Ukipita milimita 56, na hasa ikiwa bushi zako ni laini, usifunge bila ya kukifikiria. Kabla ya kupanda, simama juu ya ubao bila kuuendesha, uinamie kila upande kwa uzito wako wote, kisha upindue uangalie kama pana alama ya kusuguliwa. Na bolti za traki ziwe ndefu kiasi cha kuupata unene ulioongezeka.

Kuhusu beringi nitasema kwa uchungu kidogo, kwa kuwa ni kazi yangu. Beringi ya sketibodi ni ile iitwayo 608, yenye tundu la milimita 8, upana wa nje wa milimita 22 na unene wa milimita 7, na hakuna la ajabu juu yake. Utaikuta katika mashine nyingine nyingi. Wauzaji huipamba kwa alama ya ABEC na namba witiri, 1, 3, 5, 7 na 9, wakidai kwamba namba kubwa ndiyo kasi kubwa. ABEC ni kipimo cha usahihi wa vipimo vya utengenezaji, na wala hakisemi kitu juu ya ubora wa chuma, wala wa ngao inayozuia vumbi, wala wa mafuta yaliyomo. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gurudumu la milimita 54 huzunguka chini kidogo ya mara 2,000 kwa dakika. Mota ndogo ya umeme huipita kasi hiyo bila kutoka jasho. Mnunuzi anayelipa mara mbili kwa ajili ya namba 9 amenunua wino.

Adui wa beringi kwetu pwani ni mchanga na chumvi. Usiupande ubao ufukweni, usiuache barazani usiku wa kaskazi yenye unyevu, na ikitokea kulowa, zitoe beringi siku hiyohiyo. Zioshe kwa mafuta ya taa, mbali na jiko na sigara, uzikung'ute, uzikaushe kwa kitambaa na jua mpaka zisiwe na harufu, kisha utie tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani katika kila moja, wala usitie grisi nzito, ambayo huukaribisha mchanga na kuufuga. Unapoyarudisha magurudumu, badilishana kwa mshazari, la mbele kulia liende nyuma kushoto, kwa kuwa kila mpandaji ana mguu anaouamini na magurudumu ya upande huo hulika mapema. Na nati ya ekseli usiikaze mpaka mwisho, iachie gurudumu nafasi ndogo ya kutikisika ubavuni, la sivyo beringi hubanwa na yote tuliyoyasema juu ya kasi huwa bure.

Nilimweleza mpwa wangu sehemu ya haya, kwa maneno machache zaidi, kisha tukafunga ubao kwenye baiskeli yangu tukaenda kutafuta. Hatukupata milimita 60 za 78A siku ile. Tulipata 58 za 80A, za rangi ya maziwa, zilizokwisha kutumika kidogo na kijana mwingine aliyekuwa akihama mji, pamoja na vipande viwili vya plastiki vya kuinulia. Tulivifunga jioni barazani kwa spana namba 13. Alfajiri ya pili, kabla magari hayajatoka, alishuka nazo kwenye kabro zilezile za mtaani kwao, na dada yangu, aliyekuwa akichota maji, aliniambia baadaye kwamba hakumsikia akipita, alimwona tu.

Yale ya 51 na 101A hakuyatupa. Yamo ndani ya soksi moja kuukuu, juu ya kabati, yakingoja siku atakayopata nauli ya kwenda Nairobi.